Nimeitazama mara moja, sirudii

Swali lenu la wiki hii linauliza: ni filamu gani uliyoipenda lakini huwezi kuitazama tena? Yangu ni Come and See, filamu ya Kisovieti ya mwaka 1985 iliyoongozwa na Elem Klimov. Inamhusu Flyora, mvulana wa Belarusi anayefukua bunduki mchangani na kujiunga na wapiganaji wa msituni mwaka 1943, nchi yao ikiwa imekaliwa na jeshi la Hitler.

Hapa Mtwara mjini filamu za vita hazikosi watu. Jioni vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, hujaa vijana, milio ya risasi inasikika hadi barabarani, na juu yake sauti ya DJ akisimulia nani kamlipua nani. Steringi, yaani shujaa wa filamu, akipigwa risasi ya bega anafunga kitambaa na kusonga mbele. Nimekulia kwenye filamu hizo na sizibezi. Ila Flyora si steringi wa namna hiyo. Bomu linaanguka jirani naye, masikio yanaziba, na mtazamaji anazibwa pamoja naye: kwa muda mrefu unasikia mlio mwembamba tu, na watu wanaongea kama wako chini ya maji.

Niliitazama nyumbani na mjomba wangu, nikimtafsiria maandishi ya Kiingereza. Mjomba ni Mmakonde wa upande wa pili, Msumbiji, alivuka mto Ruvuma na wazazi wake akiwa mtoto, miaka ile wapigania uhuru wa FRELIMO walipokuwa wakipigana na Wareno. Flyora anarudi kijijini kwao, nyumba haina mtu, supu bado ina moto. Anakaa anakula. Mjomba akasema, "Simamisha kwanza, mwanangu." Akaniambia kuwa siku waliyoondoka mama yake aliacha ugali mekoni, na hadi leo harufu ya ugali ulioungua humkosesha raha. Sijawahi kumsikia akilisema hilo, na nimeishi naye tangu utoto.

Sehemu za mwanzo kule kambini msituni zinanichosha, waigizaji wanalia na kucheka kupita kiasi. Lakini nikifika kwenye ghala sina la kukosoa. Wanakijiji wamesukumiwa ndani, wamebanana, kisha askari anatangaza dirishani: asiye na mtoto atoke, watoto wabaki. Flyora anatoka. Mama mmoja anajaribu kutoka na mwanawe. Mtoto anarushwa tena ndani kupitia dirisha lile lile, mama anaburutwa kwa nywele. Kisha moto. Mimi nina watoto wawili. Nilinyanyuka nikaenda kuwatazama walikolala, nikarudi nikaendelea, kwa sababu niliona kuondoka ni kuwaacha wale watu peke yao.

Wapo watakaosema huo ni ukatili wa kutafuta watazamaji. Sikubali. Klimov haning'ang'anizi kutazama vidonda. Ananiwekea uso wa yule kijana, dakika baada ya dakika, hadi mwishoni umekunjamana ukawa wa mzee. Hakuna mahali unapopata hamu ya kuwa pale. Filamu nyingi za vita, hata zinazojidai kuilaani, zinakuachia hamu hiyo.

Mwishoni yanatokea maandishi kwamba vijiji 628 vya Belarusi viliteketezwa pamoja na wakazi wake wote. Mjomba aliniomba niisome tena namba hiyo. Sisi watu wa kusini hatuwezi kuiona hiyo kama habari ya Ulaya tu. Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani vilianza Julai 1905 pale Nandete, Umatumbi, watu walipong'oa pamba ya Mjerumani. Jibu likawa kuchomewa vijiji na chakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Nani ametutengenezea filamu ya hilo, yenye uso wa mtoto mmoja wa Kilwa au Liwale? Ningeitazama hata kama ingenikosesha usingizi, na hii imenikosesha.

Anayetaka kuitazama asiitazame peke yake. Asubiri watoto walale, avumilie saa mbili na zaidi bila kuruka mbele. Na nawaomba wenye vibanda: hii msiwaonyeshe watoto, wala msimpe DJ aisimulie.