Nilimpa dawa ya minyoo, mbona anajikuna tena?

SWALI: Daktari, binti yangu ana mwaka mmoja na miezi minane, tunaishi Mwanza. Nilimpa nusu kidonge cha albendazole akapona. Wiki sita baadaye anajikuna tena nyuma usiku, na kwenye nepi nimeona vidudu vyeupe vyembamba kama vipande vya uzi. Jirani anasema dawa ilikuwa feki, nimpe kidonge kizima. Nifanyeje?

JIBU: Usimpe kizima, mama. Kidonge cha kawaida kina miligramu 400. Mtoto wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miwili hupewa 200, yaani nusu uliyompa. Kizima ni kuanzia miaka miwili.

Sidhani dawa ilikuwa feki. Vidudu unavyovieleza hutaga mayai usiku, pembeni mwa njia ya haja kubwa, ndiyo maana anajikuna akilala. Mayai hujaa kwenye kucha, shuka na nguo za ndani, na nje ya mwili huweza kuishi wiki mbili au zaidi. Dawa huua minyoo, mayai hubaki. Mtoto akitia kidole mdomoni anayameza, na baada ya mwezi hivi minyoo mipya nayo inataga. Wiki zako sita zinaendana kabisa na mzunguko huo.

Kwa hiyo mpe nusu leo na nusu nyingine baada ya wiki mbili. Watu wengi huiacha dozi hii ya pili, na hapo ndipo kazi yote inapoharibika. Siku hizo hizo wote mnaolala nyumba moja mmeze dawa, hata asiyejikuna, isipokuwa mjamzito na mtoto chini ya mwaka mmoja. Hao waende kliniki kwanza. Mkate kucha. Kila asubuhi mwogeshe mtoto mapema umsafishe vizuri nyuma, maana mayai ya usiku bado yako pale. Shuka usizikung'ute chumbani. Zifue kwa maji ya moto.

Kuhusu kumpa dawa, nakusihi: kiponde kidonge kati ya vijiko viwili mpaka kiwe unga, changanya na maji kidogo, mpe akiwa ameketi na ametulia. Usimbane pua, usimmiminie akilia. Watoto wamewahi kupaliwa na kidonge cha minyoo hadi kufa.

Sukari haileti minyoo, wala kusaga meno usiku si dalili ya kutegemea. Ukitaka uhakika, mwangalie nyuma kwa tochi akiwa amelala kwa muda wa saa mbili au tatu, utaviona vidudu vikitembea.

Na kwa kuwa mko Mwanza: albendazole haitibu kichocho. Kama anaogeshwa kwa maji ya ziwa, au ukiona damu kwenye mkojo au choo, apimwe. Dawa yake ni praziquantel, na hupimwa kwa uzito. Mpeleke kituo cha afya haraka pia akitapika minyoo mikubwa, tumbo likijaa na kuuma, au viganja vikiwa vyeupe, kwani huenda amepungukiwa damu, na minyoo ya safura ni sababu mojawapo.

Kampeni ya matone ya vitamini A na dawa za minyoo, Juni na Desemba, usiikose. Ikikukuta umeshampa dawa karibuni, mwambie mhudumu tarehe uliyompa.