Kinasa video cha sebuleni kisichosumbua

SWALI: Nataka mashine ya kurekodi vipindi vya televisheni ambayo hata wazazi wangu wataimudu. Niangalie nini?

JIBU: Shika rimoti kabla ya kulipa. Iwe na kitufe chekundu cha kurekodi, na ratiba ya vipindi ifunguke kwa kubonyeza mara moja. Ukichagua kipindi, saa ya kurekodi ijipange yenyewe. Kisha uliza idadi ya tyuna, yaani vipokezi vya chaneli vilivyo ndani ya mashine. Yenye moja mara nyingi haiwezi kurekodi chaneli huku mkitazama nyingine, na hapo ndipo ugomvi wa sebuleni huanza. Chukua yenye mbili.

Picha za HD za megabiti 8 kwa sekunde hula takriban GB 3.6 kwa saa, hivyo diski ya GB 500 hubeba saa 130 hivi. Ukitumia diski ya nje, kumbuka mashine nyingi huifomati kwanza na kufuta kila kitu, na mara nyingi rekodi hazifunguki kwenye kifaa kingine. Flashi za bei rahisi ziache: kasi yao ya kuandika hushuka, picha ikakatika. Diski ikizimika katikati ya kurekodi, mara nyingi umeme wa tundu la USB hautoshi. Tafuta diski yenye adapta yake ya umeme.