Jibu: Red Dragon, mbona muuaji anatajwa mapema hivyo?

Habari mkuu. Nimekuelewa: maoni ya wasomaji kuhusu Red Dragon (1981) ya Thomas Harris yanagongana, na kinachokutia shaka ni kwamba muuaji anajulikana mapema.

Kwanza angalia anayelalamika alitarajia nini. Hii si riwaya ya kubahatisha nani kaua. Familia mbili zimeuawa, moja Birmingham na nyingine Atlanta, kila moja usiku wa mwezi mpevu. Mpelelezi Will Graham ana wiki chache tu kabla mwezi haujajaa tena. Roho inakudunda kwa sababu wewe unamjua muuaji, Graham hamjui.

Wanaosema inachosha wengi hukwamia kwenye sura za utotoni mwa muuaji, katikati ya kitabu. Usiziruke! Bila hizo, yanayotokea kati yake na Reba, mwanamke kipofu anayeanzisha naye mapenzi, hayatakugusa.

Lalamiko kwamba "Lecter haonekani sana" ni kweli: Hannibal Lecter, daktari wa akili aliye muuaji pia, yuko kizuizini na kurasa zake ni chache. Ukimtaka yeye hasa, riwaya inayofuata, The Silence of the Lambs (1988), inasomeka peke yake. Ila kama hupendi kusoma habari za watoto kuuawa, Red Dragon iache.