Maswali na majibu: mwezi wenye Ijumaa tano

Kikoba chetu hapa Masasi kinakutana kila Alhamisi, hisa Sh 5,000. Katibu anahesabu vikao vinne kwa mwezi, 48 kwa mwaka, na daftari haliwiani na fedha za sandukuni. Kosa liko wapi?

Liko kwenye hivyo vinne. Mwaka hauna Alhamisi chini ya 52, na zile zinazozidi 48 ndizo zinazoleta miezi ya Alhamisi tano. Mwaka 2026 umeanza Alhamisi, kwa hiyo zipo 53: Januari, Aprili, Julai, Oktoba na Desemba kila mmoja una tano. Pengo ni vikao vitano. Anayenunua hisa moja kila kikao ana Sh 25,000 nje ya hesabu ya katibu; mkiwa watu 20, ni Sh 500,000. Mweka hazina hutuhumiwa bure kwa jambo kama hili. Andikeni kila kikao kwa tarehe yake, muache "wiki ya kwanza, wiki ya pili".

Nitajuaje mwezi una Ijumaa tano bila kushika simu? (Kilwa Masoko)

Tazama mwezi unaanza siku gani. Wenye siku 31, siku za tarehe 1, 2 na 3 zitakuja mara tano. Wenye 30, ni za tarehe 1 na 2 tu. Februari ya siku 28 haina hata moja. Ya 29 ina ile ya tarehe 1. Usihesabu mistari ya kalenda ya ukutani: Agosti 2026, kwenye kalenda inayoanza Jumatatu, ina mistari sita, na bado Ijumaa ni nne.

Kuna ujumbe unazunguka WhatsApp kwamba mwezi wenye Ijumaa, Jumamosi na Jumapili tano huja kila baada ya miaka 823. Kweli? (Newala)

Uongo mtupu. Mwezi wowote wa siku 31 ukianza Ijumaa, imetimia. Mei 2026 iko hivyo, Januari 2027 pia, na Oktoba 2027 tena. Futa.

Naendesha bodaboda Lindi mjini, hesabu Sh 60,000 kwa wiki. Bosi anataka nilipe kwa mwezi, Sh 300,000, eti kuna miezi ya wiki tano.

Anakupunja. Ila nawe ukimpa 240,000 utakuwa umempunja yeye. Zidisha 60,000 kwa 52, gawa kwa 12: Sh 260,000.

Kanisani kwetu Ndanda kwaya ni nne, kila moja na Jumapili yake. Ya tano iimbwe na nani?

Kwa 2026 Jumapili za tano ziko Machi, Mei, Agosti na Novemba. Ni nne, kwaya nne, gawaneni. Mwaka 2028 ndio utakaokuwa nazo tano, ya mwisho ikiwa 31 Desemba. Hiyo waimbe wote.