Ukitafuta nafasi ya jimu au kiwanja cha michezo Malindi, beba futi

Dalali wa Malindi hupenda kukuonyesha nafasi asubuhi, na akikupata Januari ndiyo raha yake: kaskazi inavuma, mji umejaa Waitaliano, kila duka liko wazi. Lakini wateja wako hawaji asubuhi. Watakuja wakishatoka kazini, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, na wengi ni watu wa hapahapa: walimu, wahudumu wa hoteli, madereva wa tuktuk. Basi irudie nafasi hiyo jioni, peke yako, bila dalali. Angalia kama kuna taa njiani na kama mtu anaweza kupata bodaboda saa tatu usiku.

Jambo la msimu wageni hulipuuza sana. Mwezi wa nne hadi wa sita ni masika, na hoteli kadhaa za watalii hufunga au hupunguza watu. Utasema wewe hutegemei watalii. Sawa, lakini mhudumu aliyerudishwa nyumbani bila mshahara halipi ada ya jimu. Kodi ipigie hesabu kwa wateja wa Mei, si wa Desemba. Na kama huwezi kungoja mvua, waulize majirani maji husimama wapi, kisha tazama sehemu ya chini ya ukuta kama ina alama za tope.

Sasa vipimo. Ploti nyingi unazouziwa au kukodishiwa ni za futi 50 kwa 100, yaani kama mita 15 kwa 30. Kanuni za futsal, yaani soka ya watu watano kila upande, kwa mechi zisizo za kimataifa, zinataka kiwanja kisichopungua mita 25 kwa 16. Urefu unao, upana umepungukiwa, na hapo hujaweka wavu wala njia ya kupita. Vijana watacheza tu, lakini ukitaka mashindano ya maana tafuta ploti mbili zilizopakana. Uwanja wa badminton, mita 13.4 kwa 6.1, unaingia bila taabu. Na magoli yatazame kaskazini na kusini, la sivyo golikipa mmoja atacheza jioni nzima na jua machoni.

Kwa jimu, mtego ni ghorofa. Juu ya maduka ya Lamu Road kodi inaweza kuwa nafuu na upepo ni mzuri, lakini sakafu hiyo ilijengewa nini? Kwa kawaida wahandisi huihesabia sakafu ya nyumba ya kuishi uzito wa kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba, na ya jimu kilo 500. Omba michoro ya jengo, na kama mwenye nyumba hana, mlete mhandisi wako. Hata kama slabu itahimili, fikiria duka la dawa lililo chini kila mtu anapoachia chuma. Mimi ningechukua chini, hata kwa kodi ya juu. Ukiwa ndani, shika ufagio kwa mikono miwili, uunyooshe juu ya kichwa, utembee chumba kizima. Ukigonga feni, mnyanyua vyuma ataigonga pia.

Casuarina inavutia, bahari iko pale pale, na ndiyo shida yenyewe. Hewa ya chumvi inakula nyaya za mashine na vishikio vya vyuma. Ukisogea bara kidogo, Maweni au Barani, kutu inapungua na wateja wanakuwa karibu. Maji ya kisima yaonje kabla hujaweka mabafu. Mara nyingi ni ya chumvi.

Wanawake wanataka jimu kuliko wanaume wanavyodhani. Lakini mlango ukitazamana na maskani ya vijana, au dirisha likichunguliwa kutoka ghorofa ya jirani, hawaji. Tafuta mahali penye uwezekano wa mlango wa pili. Ukiwa karibu na msikiti, jua mapema kwamba muziki utazimwa kila adhana, na Ramadhani watu watakuja baada ya tarawehe.

Karatasi zisikuchoshe. Huku Pwani nyumba inaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwingine, kwa hiyo fanya upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kulipa chochote. Uliza kaunti kama matumizi ya ploti hiyo yanaruhusu biashara yako. Kwa jengo la biashara, mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano, au makubaliano ya mdomo tu, hulindwa na sheria ya Kenya, Sura ya 301: mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi wala kukutoa bila ilani ya miezi miwili kwa fomu rasmi, nawe unaweza kuipinga mbele ya baraza la kodi za biashara. Hata hivyo andika wazi mabafu utakayojenga, taa na nyasi bandia ni mali ya nani siku ukihama.