Magoli 12 yaliyoshinda 13

Jumamosi ya Septemba 30, 2023. Hapa Melbourne ilikuwa jioni, Dar saa nne asubuhi imepita kidogo. Mdogo wangu, Yanga damu, akanipigia kutoka kijiweni kwao Temeke. Alitaka kujua ile fainali niliyowachosha nayo watu wiki nzima imekwishaje.

"Tumechukua ubingwa!"

"Ngapi ngapi?"

"Sisi magoli 12, wao 13."

Kimya. Halafu: "Kaka, hebu rudia. Huko bingwa ni aliyefunga machache?"

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Timu yako ilistahili nafasi iliyomaliza, au bahati iliibeba? Chagua msimu mmoja na uutetee." Nachagua msimu wa 2023 wa Collingwood, ligi kuu ya mpira wa Australia. Na inabidi nianze na lile lililomshinda mdogo wangu, kwa sababu ndilo jibu langu.

Mchezo huu huchezwa kwenye uwanja wa mviringo, watu 18 kila upande, na mpira wenyewe una umbo la yai. Unaudaka, unakimbia nao huku ukiudundisha, unaupiga ngumi kumpa mwenzako au unaupiga teke. Hakuna kipa wala mwamba wa juu. Kila mwisho wa uwanja kuna milingoti minne. Mpira wa teke ukipita kati ya ile miwili mirefu ya katikati ni goli, pointi 6. Ukikosea ukapita kati ya mlingoti mrefu na mfupi wa pembeni, unapewa pointi 1. Naam, unalipwa kwa kukosa. Mwamuzi wa golini hupunga bendera mbili kwa goli, na moja kwa hiyo ninayoiita pointi ya pembeni. Siku ile wapinzani wetu Brisbane walipata magoli 13 na pembeni 8, jumla 86. Sisi magoli 12 na pembeni 18, jumla 90.

Kwa hiyo tulichukua kombe kwa kukosa sana. Jirani yangu wa Melbourne, mzee anayekata majani yake kila Jumapili hata kama hayajaota, anasema hiyo ndiyo maana halisi ya bahati. Mimi nasema timu iliyofika mbele ya milingoti, magoli na pembeni kwa pamoja, mara 30 dhidi ya mara 21 ndiyo iliyotawala mchezo, na kanuni ya pointi ya pembeni iliwekwa ili jambo hilo lionekane kwenye ubao. Kwenye soka ungegonga mwamba mara 18 na kurudi nyumbani na kilio. Sisi wana Dar tunawajua watu wanaoishi kwa kilio hicho.

Mzee huyo ni shabiki wa St Kilda, na hilo ni muhimu. St Kilda wana ubingwa mmoja tu katika historia yao yote, wa 1966, na walimfunga nani? Collingwood, 74 kwa 73. Magoli yalikuwa sawa, 10 kwa 10. Ile pointi moja iliyowapa kombe ilitoka kwa Barry Breen, dakika za mwisho, teke bovu lisilo na mwelekeo, mpira ukajiburuta hadi pembeni. Mzee anaisimulia kama bibi anavyosimulia harusi yake. Nimeisikia si chini ya mara ishirini, na kila mara lile teke linazidi kuwa bovu.

Tangu 1958, tulipobeba kombe, mpaka 1990, tulicheza fainali tukapoteza nane. Wapinzani wakatunga neno la kutukejeli, Colliwobbles: yaani tumbo joto linaloishika Collingwood siku ya fainali. Mwaka 1970 tulikuwa mbele kwa pointi 44 wakati wa mapumziko, mbele ya watu 121,696, tukafungwa na Carlton. Waswahili tunasema kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, na nembo yetu ni ndege mweusi na mweupe ambaye ukimwona kwa mbali utamdhania kunguru aliyemwagikiwa chokaa. Nilitoka Dar nikiwa na ugomvi na kunguru waliokuwa wakimwibia mama samaki jikoni, nikaja kuvaa jezi ya ndugu yao.

Hadithi ya pointi ya pembeni haikuishia 1966. Fainali ya 2010, tena dhidi ya St Kilda: sisi magoli 9, wao 10, sisi pembeni 14, wao 8. Sare, 68 kwa 68. Mwishoni mpira ulikuwa unamwendea Stephen Milne wa St Kilda, goli liko wazi, ukadunda, ukamkwepa, ukatoka pembeni. Nyumbani mchambuzi akiishiwa maneno husema mpira unadunda. Huku unadunda kweli, na kwa kuwa ni yai haujui wenyewe unaelekea wapi. Mechi ilirudiwa wiki iliyofuata, tukawafunga 108 kwa 52. Mzee haisimulii hiyo.

Halafu 2018: West Coast magoli 11, sisi 11. Wao pembeni 13, sisi 8. Tukafungwa kwa pointi 5, Dom Sheed akiwa ametupiga goli la jioni kutoka mstari wa pembeni kabisa, pembe ambayo mwanahisabati angeikataa. Niliumwa wiki nzima. Lakini nikitumia kipimo changu mwenyewe, West Coast walifika mara 24 nasi mara 19. Walistahili. Nimechukua miaka kuliandika hilo.

Sasa 2023. Miaka miwili nyuma tulikuwa wa 17 kati ya timu 18. Akaja kocha Craig McRae, na 2022 tukapanda hadi nne bora, tukishinda mechi 11 mfululizo, nyingi kwa tofauti ya kijiko cha chai, mpaka tukatolewa nusu fainali na Sydney kwa pointi moja, 95 kwa 94. Wachambuzi wote wakasema bahati hiyo haijirudii. Takwimu zao zilikuwa nzuri tu: timu inayoshinda mechi za karibu mwaka huu, mwaka ujao huzipoteza.

Tukazishinda tena. Siku ya Anzac, Aprili 25, sikukuu ya huku ya kuwakumbuka wanajeshi, dhidi ya Essendon, tulikuwa nyuma kwa pointi 28 ikiwa imebaki robo moja ya mchezo, tukashinda kwa 13. Adelaide tuliwafunga kwao kwa pointi moja. Ikawa desturi: robo ya mwisho ikianza, mashabiki wa Collingwood wanapata nguvu na wa timu nyingine wanaanza kutafuta funguo za gari. Nyumbani wangesema tuna kamati ya ufundi nzuri, na nyote mnajua kamati hiyo hukutana usiku na kuku mweusi. Ya McRae ilikuwa mazoezini mchana kweupe. Wachezaji walikuwa wakiigiza dakika za mwisho: uko mbele kwa pointi tatu, zimebaki sekunde kadhaa, mpira uko hapa, nani anakwenda wapi? Ukiwatazama Scott Pendlebury na Steele Sidebottom, wote waliokuwepo 2010, walivyokuwa wakitembea wakati wengine wanakimbia ovyo, utaelewa.

Tulimaliza ligi kileleni, ushindi 18 katika mechi 23. Kwa Tanzania hapo ungeshapewa kombe, gwaride, basi la wazi mpaka Jangwani. Huku kuongoza ligi ni tiketi tu. Mwaka ule timu nane ziliingia kwenye mtoano na kila kitu kikaanza upya.

Na hapa hoja yangu inaanza kuchechemea. Mechi ya kwanza ya mtoano tuliwafunga Melbourne, klabu yenye jina la mji, 60 kwa 53. Magoli 9 kwa 7, lakini wao ndio waliofika golini mara nyingi zaidi, 18 kwa 15. Walikosa sana na kukosa hakukuwaokoa. Nikisema fainali tulistahili kwa sababu tulifika mara nyingi, basi Melbourne nao walistahili. Nusu fainali dhidi ya GWS, timu ya magharibi mwa Sydney, ilikuwa 58 kwa 57, magoli 8 kwa 8, pembeni 10 kwa 9. Tofauti ni pointi moja ya pembeni. Ongeza fainali: 7, 1, 4. Ubingwa mzima, mechi tatu za mtoano, jumla ya tofauti ni pointi 12. Magoli mawili. Upepo ungetosha.

Kuna jambo jingine la mechi ya Melbourne ambalo mashabiki wenzangu hawapendi nilitaje. Brayden Maynard wetu aliruka kuzuia teke la Angus Brayshaw, akatua juu yake, Brayshaw akazimia. Kamati ya nidhamu ilimwachia Maynard, akacheza mpaka fainali. Brayshaw hakucheza tena. Februari 2024 alistaafu kwa ushauri wa madaktari kuhusu ubongo wake. Ligi ikabadilisha taratibu zake juu ya kuruka kwa namna ile. Sisemi Maynard alikusudia, na kwa kanuni za siku ile naona uamuzi ulikuwa sahihi. Ila nikisikia mtu wetu anasema "tulistahili kila kitu", huwa nakumbuka yule kijana amelala kwenye nyasi. Nathan Murphy wa kwetu naye alipigwa kichwani siku ya fainali, akatolewa, na mwaka uliofuata akastaafu kwa sababu hizohizo.

Fainali yenyewe sikuwa uwanjani. Watu 100,024 walikuwa ndani ya uwanja wa MCG na mimi nilikuwa sebuleni na sufuria ya pilau na marafiki saba, wawili kati yao Brisbane kwa ushabiki wa kunichokoza. Bobby Hill alipiga magoli manne. Mwaka mmoja kabla alikuwa hospitali akifanyiwa upasuaji wa saratani ya korodani, mchezaji wa klabu nyingine. Akatoka na medali ya mchezaji bora wa fainali. Robo ya mwisho uongozi ulikuwa unapokezana kama zamu ya bombani. Jordan De Goey akapiga, Sidebottom akapiga kutoka mbali sana, tukawa mbele kwa 10, nikakaa. Joe Daniher akawarudishia moja, nikasimama. King'ora kilipolia nilikuwa nimeshika mwiko na sikumbuki niliutoa wapi.

Na McRae? Alikuwa mchezaji wa Brisbane walipochukua ubingwa 2001, 2002 na 2003, na hizo mbili za mwisho walizichukua kwetu. Asubuhi ya fainali mkewe alijifungua mtoto wa kike. Mchana akaenda kazini kuifunga klabu yake ya zamani.

Mnaweza kuniuliza kama klabu yenyewe inanistahili mimi. Februari 2021 ripoti huru ilisema ndani ya Collingwood kuna ubaguzi wa rangi wa kimfumo, na rais wake Eddie McGuire akajiuzulu siku chache baadaye, baada ya kuiita siku ya kutangazwa ripoti hiyo siku ya fahari. Aliyekuwa amepiga kelele miaka mingi ni Heritier Lumumba, baba yake Mkongo, bingwa wetu wa 2010. Mimi Mswahili mweusi nimevaa jezi hiyo kwenye treni na nimewahi kutazamwa na mzalendo wa jezi hiyohiyo kama niliyeiokota. Sikuivua. Ila jina la Lumumba nalitaja kila ninapotaja 2010, hata asipouliza mtu.

Kwa hiyo jibu langu: tulistahili, kwa sababu kuongoza ligi ya mechi 23 si bahati, na kufika mara 30 kwenye fainali si bahati. Nusu fainali nawaachia. Ile ilikuwa bahati, na GWS wana haki ya kununa mpaka wazeeke. Wale wachambuzi nao walipata siku yao: 2024 ile ya Anzac na Essendon iliisha sare ya 85 kwa 85, tukamaliza wa tisa, nafasi moja nje ya nane. Brisbane wakachukua 2024, wakachukua na 2025.

Jioni ile ya Septemba niliupeleka ushahidi wangu kwenye uzio pamoja na sahani ya pilau. Nikamwambia mzee: hesabu mara tulizofika, 30 kwa 21, mwenye nyingi ndiye aliyestahili. Akala vijiko viwili akitafakari. Akaniuliza kama hesabu hiyo ni ya miaka yote au ni ya leo tu. Nikasema ya miaka yote.

"Basi 1966," akasema, "sisi 10 na 14, nyie 10 na 13. Jumlisha."

Ishirini na nne kwa ishirini na tatu. Akanirudishia sahani tupu na kuomba nyingine kwa ajili ya mkewe.