Mwanangu, kitabu chako bado hakijawa habari

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kwa nini yule mwandishi wa kurasa za fasihi uliyempelekea riwaya yako hajakujibu, na hii ni wiki ya tatu, na kama umwandikie tena au umwache. Nimeisoma barua pepe yako. Mwandikie tena, ila si barua ile.

Kwanza mfahamu unayemwandikia. Katika magazeti yetu ya Kiswahili ni nadra kumkuta mtu aliyeajiriwa kwa ajili ya vitabu tu. Huyo unayemsoma Jumamosi akichambua diwani mpya, Jumatatu alikuwa mahakamani na Jumatano yuko kwenye mkutano wa halmashauri. Wengi walianza mikoani, wakilipwa kwa stori: ikitoka unalipwa, isipotoka nauli uliyotumia imekwenda. Mapenzi ya vitabu wanayo wenyewe. Utamkuta mmoja alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mwingine alianza kwa kutuma mashairi gazetini mpaka akapewa safu. Na hawakai sana. Wapo wanaochukuliwa na idhaa za Kiswahili za BBC au Deutsche Welle, wapo wanaokwenda kuwa maofisa habari wa taasisi, wengine wanahamia kwa wachapishaji kuwa wahariri. Kwa hiyo anwani uliyopewa na rafiki yako mwaka juzi huenda haifunguliwi na mtu. Chukua matoleo ya miezi miwili iliyopita, tazama jina lililoandikwa chini ya kichwa cha habari, na usome stori zake tatu kabla hujamwandikia neno.

Ukizisoma utaona kwamba huyu hafanyi kazi ya mhakiki. Mhakiki anakaa na kitabu akakipima. Mwandishi wa habari anataka jambo linalotokea, watu wa kuwahoji, mahali pa kwenda, na sababu ya kuliandika wiki hii badala ya mwakani. Chukua riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Ilikuwepo miaka yote hiyo. Mwaka 2022 ikawa habari kwetu, kwa sababu mzaliwa huyu wa Zanzibar alikuwa ameshinda Nobel mwaka uliotangulia, na Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa Kiswahili, Mkuki na Nyota wakaichapisha kwa jina la Peponi. Habari ilikuwa mwandishi kurudi katika lugha ya nyumbani kwao.

Wewe nawe unayo engo nzuri, yaani upande wa kuitazama stori, ila umeizika. Barua yako inaanza na shule ulizosoma, ikaja shukrani, kisha “riwaya hii inahusu mapenzi, usaliti na maisha kwa ujumla.” Sentensi hiyo inafaa kila riwaya duniani, na mtu mwenye barua arobaini za kusoma anaiacha hapohapo. Kitu chenyewe kiko ukurasa wa tatu wa barua: familia ya manamba wa mkonge. Mkonge uliingia Tanga mwaka 1893, miche 62 tu ikanusurika safarini, na kufikia 1964 nchi ikawa inazalisha kama tani 230,000 kwa mwaka. Waliokuwa wakiukata waliletwa kutoka mbali, Kigoma, Songea, hata Burundi, na kazini wakajulikana kwa namba, ndipo jina manamba likazaliwa. Wewe umewahoji wazee kumi na mmoja ndipo ukaandika. Mpe mwandishi hao wazee. Atakwenda kwenye kambi walimoishi manamba, atapiga picha, atasikia sauti zao, na kitabu chako kitakuwa mlango wa kuingilia. Wala usimtaje Shaaban Robert. Kila anayeandika kutoka Tanga humtaja, na stori yako haimhitaji.

Barua mpya isizidi maneno 150. Kwenye mada andika “Pendekezo la stori: wajukuu wa manamba wa Tanga”, usiandike “Ombi” wala “Kitabu kipya”. Ndani iwe kama hivi:

“Habari za kazi, Bi. (jina lake). Nimesoma makala yako juu ya maktaba za vijijini, nikaona jambo hili linaweza kukufaa. Katika kambi za zamani za mkonge nje ya jiji la Tanga bado wanaishi watoto na wajukuu wa manamba, na baadhi yao hawajui babu zao walitoka kijiji gani. Niliwahoji wazee 11, kisha nikaandika riwaya ya kurasa 210 itakayotoka tarehe 4 Julai. Wazee watatu wako tayari kuhojiwa, na mmoja anayo kadi yake ya kazi. Naweza kukupeleka siku yoyote kati ya tarehe 15 na 25 Juni. Je, nikutumie sura ya kwanza na picha?”

Kisha jina lako na namba ya simu inayopokelewa. Basi. Angalia kwamba kadi ya kazi imetajwa. Kitu kinachoshikika mkononi, chenye picha, ndicho kitakachomwezesha kuitetea stori mbele ya mhariri wa makala, maana yeye naye anakwenda kupendekeza kama wewe. Mara nyingi stori hufia kwenye kikao hicho cha wahariri, mwandishi mwenyewe akiwa ameipenda.

Usiambatishe kitabu kizima. Riwaya yako ya PDF ilikuwa na megabaiti 38, na huenda haikufika kabisa. Andaa folda moja ya mtandaoni yenye jalada, sura ya kwanza, picha yako moja na picha mbili za kambini, na kiungo chake umtumie akikubali. Picha za gazeti zinataka ubora wa juu, dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi). Ukizituma kwa WhatsApp kama picha zinabanwa na kuharibika, kwa hiyo zitume kama faili. Chini ya kila picha andika majina kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, tarehe na aliyepiga. Hakikisha wazee wameridhia kupigwa na kutajwa. Ongeza idadi ya kurasa, bei, duka linalouza na ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu. Kama hujapata namba hiyo, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na iombe kabla ya kuchapa.

Sasa wakati. Kurasa za mwisho wa wiki mara nyingi hufungwa Alhamisi, kwa hiyo barua ya Alhamisi mchana inazama. Tuma Jumatatu au Jumanne, wiki nne kabla ya tarehe ya kitabu kutoka. Siku zinazokubeba ni 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu Nyerere, inapotolewa tuzo ya uandishi bunifu yenye jina lake, na 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Wewe unaikaribia ya pili, itumie. Asipojibu kwa siku saba, mkumbushe mara moja kwa sentensi mbili. Ukipiga simu, piga baada ya kikao cha asubuhi, saa tano hivi, kwa sababu jioni wanafunga kurasa. Akinyamaza tena, nenda gazeti jingine. Usiwaandikie waandishi wawili wa gazeti moja kwa pamoja, maana watakutana na wazo lilelile kwenye kikao na wote wawili wataliacha. Ukitaka Taifa Leo ya Nairobi, badilisha engo: Vipingo, kule Kilifi, nako kuna mashamba ya mkonge, na msomaji wa Kenya atataka kusikia ya kwao.

Kuhusu uzinduzi na mgeni rasmi, nakuomba uniamini. Akija kiongozi, waandishi watakuja, kamera zitakuja, na kesho yake kichwa cha habari kitakuwa alichosema yeye juu ya barabara. Kitabu chako kitapata aya ya mwisho, na nafasi ikipungua aya ya mwisho ndiyo inayokatwa. Fanya uzinduzi kwa ajili ya wasomaji na kuuza nakala, ila stori mpe mwandishi mmoja, mapema, nje ya sherehe.

Na bahasha ya fedha kwa mwandishi, usitoe. Najua utaambiwa ni nauli tu. Akikuomba usafiri wa kwenda kambini, panda naye gari moja na ulipie gari, asishike fedha mkononi. Mwandishi anayekipenda kitabu chako utakuwa umemvunjia heshima, na wasomaji wakijua, hata sifa njema wataiona imenunuliwa. Mpe nakala ya kitabu, hiyo ni halali. Usimwombe kuisoma stori kabla haijatoka. Unaloweza kumwomba ni kuhakiki majina, tarehe na maneno uliyonukuliwa. Likitoka kosa, mwandikie yeye kwanza, siku hiyohiyo, utaje sentensi yenye kosa na usahihi wake.

Nitumie barua mpya Jumapili niipitie, ili Jumatatu asubuhi iwe imekwenda.

Ni mimi, baba yako.